Kipimo cha Chupa ya Soda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yamejaa, na gati la Lamu limeanza kuchangamka. Kijana mmoja amechuchumaa ndani ya boti yake, dumu la lita 20 katikati ya magoti, faneli imechomekwa mdomoni. Petroli imeshaingia. Anachukua chupa ya soda, ile ya kioo ya mililita 300, anaijaza oili kutoka kwenye galoni na kuimimina. Anajaza ya pili, anaimimina. Kisha anainua galoni lenyewe na kuongeza kidogo bila kupima, kama mtu anayeongeza samli juu ya wali wa wageni.

"Na hiyo ya tatu?" nikamuuliza.

"Hiyo ya usalama, ami. Mashine hii yataka oili. Ikiikosa, itakufia katikati ya mkondo wa Mkanda na abiria wakutolee macho."

Akalitikisa dumu, akaunganisha mpira, akabinya pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, akavuta kamba. Mashine ikakohoa. Akavuta tena. Ikawaka, na wingu la buluu likapanda taratibu kutoka majini, likawafikia wazee waliokaa ufukoni. Wakaziba pua kwa ncha za shali, wakaendelea na mazungumzo yao bila kukata sentensi.

Wingu lile ndilo lililonifanya nianze kupima. Chupa mbili za soda ni mililita 600. Kwa lita 20 za petroli, hiyo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 33 za petroli. Ongeza ile ya usalama, tuikadirie mililita 100, na sasa tumefika moja kwa 28 au 29. Kitabu kinachokuja na mashine za namna ile, zikishapita muda wa kuzoezwa, kwa kawaida husema moja kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, 400 kwa dumu zima. Kijana wangu alikuwa akitia karibu mara mbili ya inayotakiwa, kila siku, na si yeye peke yake. Simama gatini asubuhi moja uhesabu chupa.

Simwiti mjinga. Mazoea yake yana asili. Miaka ya nyuma oili zilikuwa duni na mashine za boti zilitaka moja kwa 25, nyingine moja kwa 20, na baba zetu wakazoea hivyo. Halafu kuna mashine mpya: saa kama 10 za mwanzo hutakiwa oili maradufu ili pistoni na ringi zikae sawa. Fundi humkabidhi nahodha mashine na kumwambia "tia moja kwa 25". Hakuna anayerudi baada ya wiki moja kumwambia kwamba zile saa 10 zimekwisha. Na kipimo kikishakaa mkononi hakitoki tena. Tena kijana yule ameona kwa macho yake mashine iliyokufa kwa kukosa oili, pistoni imeng'ang'ania silinda kama chaza kwenye jiwe. Hajaona mtu aliyekufa kwa moshi. Ungekuwa wewe ungeogopa kipi?

Kwa nini oili ichanganywe na petroli, wakati ya gari na ya bodaboda hukaa peke yake chini ya injini? Injini hizo za fostroku, yaani za mipigo minne, zina chungu chao cha oili, nayo huzunguka humo kwa miezi. Tustroku, za mipigo miwili, zile ambazo mafundi wetu huziita tu "za kuchanganya", hazina chungu. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krankshafti, ndipo upande juu kuungua. Oili lazima isafiri na petroli, ipake beringi na kuta za silinda njiani, kisha iishie motoni pamoja nayo. Hailainishi mara mbili. Tone likishapita limepita. Ubunifu huu ni wa Mwingereza Joseph Day, wa karibu na mwaka 1890, na uzuri wake ni urahisi: hakuna vali kama za fostroku, hakuna mkanda, vyuma vinavyocheza ni vichache. Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norwei aliyeishi Milwaukee, Marekani, alipoanza mwaka 1909 kuuza mashine za kubandika nyuma ya boti, ilikuwa ni aina hiyo. Fundi wa Matondoni anaweza kuifungua mchangani juu ya gunia na kuifunga kabla ya adhuhuri. Hilo si jambo dogo kwa watu wa visiwani.

Oili, basi, huingia motoni. Lakini oili si petroli. Huungua kwa shida, na sehemu yake hutoka nzima au nusu nusu, kwa umbo la mvuke na vitone vidogo mno ambavyo vikikutana na hewa ya baridi hugeuka kuwa ule ukungu wa buluu. Moshi mweusi wa lori la dizeli ni masizi. Moshi wa mashine ya kuchanganya kwa sehemu kubwa ni oili yenyewe inayoelea hewani, vitone vidogo vya kutosha kuteremka hadi chini kabisa ya pafu. Hapa hesabu ni nyepesi: oili ikizidi, moshi na chembechembe huzidi nayo, karibu kwa kadiri ileile. Maradufu ya oili si maradufu ya usalama. Ni maradufu ya ukungu.

Tena usalama wenyewe una mushkili. Fuata mafuta yanavyopita. Kabureta ina kitundu cha kupitishia mafuta, na ukubwa wake haubadiliki. Kinapitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko, uwe na oili nyingi au kidogo. Kwa moja kwa 50, oili ni asilimia 2 ya kinachopita. Kwa moja kwa 20, oili ni karibu asilimia 5. Ile asilimia 3 iliyozidi imekalia nafasi ya petroli. Na kwa kuwa mchanganyiko mzito hupita polepole zaidi kitunduni, petroli inayofika kwenye silinda hupungua tena. Hewa haikupungua. Kwa hiyo nahodha anayemwaga oili ili mashine "isichemke" anaipelekea mchanganyiko wenye petroli haba kwa hewa ileile, na petroli haba ndiyo ichemshayo pistoni. Nimelieleza hili kwenye baraza tatu tofauti na mara zote nimeangaliwa kama mtu aliyesema kwamba bahari ni tamu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Langoni anayetengeneza mashine hizi tangu nikiwa mwanafunzi. Hakunihubiria. Alichukua spana, akafungua plagi ya mashine iliyoletwa asubuhi hiyo kwa ugonjwa wa kutowaka, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi, imelowa, ina utando wa lami ambao ukucha uliacha mstari juu yake. Kisha akafungua kopo na kunionyesha plagi nyingine aliyoitunza kwa ajili ya kufundishia wanafunzi wake: ncha yake ina rangi ya biskuti, kavu. "Hii ndiyo tuitakayo," akasema. "Ikiwa nyeupe, yafa kwa joto. Ikiwa nyeusi namna hiyo, yafa kwa kushiba." Akaelekeza tochi kwenye tundu la moshi. Ukoko wa kaboni ulikuwa umeliziba karibu robo. Ringi ya juu ilikuwa imeganda kwenye mfuo wake, haichezi. Ringi isiyocheza haizuii mgandamizo, na mashine isiyo na mgandamizo haichomi mafuta sawasawa. Basi oili iliyozidi hutoa moshi mara mbili: leo ikiwa ukungu, na miezi michache baadaye kwa kuiharibu mashine isiweze kuchoma hata kile ilichopewa kwa haki.

Kuna na suala la oili gani. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, kwa hiyo silinda yake ni ya baridi kuliko ya pikipiki, na oili yake ina alama yake: TC-W3. Haina viungo vya madini, maana madini hayaungui, hubaki kama majivu kwenye plagi na kichwa cha pistoni. Za pikipiki na misumeno ya kuchanganya, zinazopozwa kwa upepo, hubeba alama za Kijapani za JASO, na zile za FC na FD zimetengenezwa makusudi zitoe moshi mdogo. Lakini galoni nililoliona kwa kijana wangu lilikuwa la oili ya 40, ya injini za gari. Hiyo imejaa viungo vya kalsiamu na zinki vya kusafishia injini ya fostroku, vitu vizuri sana mahali pake. Kwenye mashine ya kuchanganya ni majivu matupu. Ni ya bei nafuu na hupatikana kila duka, ndiyo sababu. Wapo na wanaotia oili chafu iliyomwagwa kwenye magari, na hapo sina la kusema ila kwamba hata jahazi lisingepakwa uchafu ule zamani, lilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa.

Na mafuta ya taa? Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili yasichanganywe tena na petroli na dizeli, kwa sababu unafuu wa bei ulikuwa umewatia tamaa wengi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hutoa moshi hata oili ikipimwa kwa sindano. Ukiona umepima sawa na moshi haupungui, linuse dumu kabla ya kumgombeza fundi.

Sasa nirudi gatini. Nilimpa kijana yule jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, la kupimia maji ya uji wa mtoto, nikamwomba atie 400 kwa dumu kwa majuma mawili, na oili iwe ya boti. Alikubali kwa masharti kwamba mashine ikifa, mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza tajiri wake. Mashine haikufa. Moshi wa asubuhi ulipungua kiasi cha jirani zake kumuuliza kama kanunua mashine mpya. Nami nikaanza kujiona mtaalamu.

Siku ya kumi na tano akaniita ukingoni mwa gati. Maji yalikuwa yametulia, jua limeshapanda, na pale nyuma ya boti yake palikuwa na ile ngozi ya rangirangi juu ya maji, zambarau na kijani na dhahabu, inajikunja kila mawimbi yakipita.

"Ami, moshi umepungua, kweli. Lakini rangi hii yatoka wapi?"

Swali lile lilinishusha. Kwa maana jibu ni hili: oili haikuwa kesi kubwa. Oili ndiyo inayoonekana, na kinachoonekana ndicho kinachoshtakiwa.

Katika fostroku, kutoa moshi na kuvuta hewa mpya ni kazi mbili zenye mipigo yake, na vali hufunga mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine. Katika mashine ya kuchanganya, kazi zote mbili hufanywa kwa pamoja, pistoni ikiwa chini, matundu yote mawili yakiwa wazi. Mchanganyiko mpya ndio unaousukuma moshi wa zamani utoke. Na kama mtu anayefagia maji kwa maji, sehemu ya mapya hutoka pamoja na machafu. Katika mashine za kabureta, petroli inayotoka hivyo bila kuguswa na moto huwa kati ya asilimia 20 na 30. Haina moshi. Haina rangi hewani. Kwenye boti hutoka kwa kupitia katikati ya pangaboi, chini ya maji, nyepesi yake ikapanda na mapovu, nzito yake ikabaki juu kama ile ngozi ya rangirangi.

Piga hesabu kwa dumu lile la lita 20. Oili yote iliyomo, kwa kipimo sahihi, ni mililita 400, na sehemu yake huungua. Petroli inayotupwa mbichi, tukishika robo, ni lita 5. Kijana alipopunguza oili kutoka 700 hadi 400 alifanya jambo la maana kwa mapafu ya wazee wa ufukoni. Lakini katika jumla ya haidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua yanayotoka kwenye ekzosi, aligusa ukingo tu wa sahani.

Na pabaya zaidi ni pale mashine inapozubaa. Sikiliza mashine ya kuchanganya ikiwa imefungwa gatini inasubiri abiria watimie: hailii mfululizo, hulia kwa kukwama, tang, tang, kimya, tang. Kila kimya ni mpigo ambao haukuwaka. Moshi wa zamani umebaki mwingi ndani ya silinda, hewa mpya ni kidogo, cheche imepiga na moto haukushika, na petroli yote ya mpigo ule ikaenda zake nje. Kwa kuwa kabureta hulisha kwa wingi mashine ikiwa polepole au imevutwa choki, hapo pia ndipo hutoka kaboni monoksidi nyingi, gesi isiyo na harufu, mbele ya wanawake waliokaa sehemu ya nyuma ya boti na watoto mapajani. Kama ningepewa ruhusa ya kuweka kanuni moja tu kwenye gati zetu, za Mokowe, Lamu na Shela, isingekuwa ya oili. Ingekuwa: zima mashine mpaka abiria watimie. Haigharimu kitu. Najua jibu la manahodha: nikiizima haitawaka. Haitawaka kwa sababu plagi imeshiba oili, na hapo kipimo cha jagi kinajilipa.

Kwa haki, mashine ya kuchanganya ina sifa moja: oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moto mkali, hutoa chache, kwa sababu moto wake hauna joto kubwa na moshi uliobaki humo huupoza zaidi. Naitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu inafuta lolote.

Wenzetu walishalipitia hili. Marekani iliweka mwaka 1996 kanuni za mashine mpya za boti, kwa lengo la kupunguza haidrokaboni kwa asilimia 75, ikianza kwa hatua mwaka 1998 na kukamilika 2006. Kwenye Ziwa Tahoe la hukohuko, linalosifika kwa maji maangavu, tustroku za kabureta zilipigwa marufuku kuanzia 1999. Dhaka, Bangladesh, iliziondoa barabarani bajaji za kuchanganya mwanzoni mwa 2003, na huko nako madereva walikuwa na ugonjwa wetu uleule, oili ya kawaida na nyingi kuliko inayotakiwa, kwa imani kwamba wingi ni ulinzi. Watengenezaji wengine walijaribu kuiokoa tustroku kwa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu la moshi kuzibwa, ili isipate njia ya kutoroka. Ilifanya kazi vizuri. Lakini fostroku zilishalichukua soko, na mwaka 2020 kampuni ya BRP ikaacha kutengeneza Evinrude, jina lililodumu zaidi ya karne. Zile za kabureta hazikufa. Zinaendelea kutengenezwa kwa ajili ya masoko ambayo sheria haijazifikia, na sisi tumo.

Hapa kwetu tuna Kanuni za Ubora wa Hewa. Wakaguzi wa boti hufika gatini, huhesabu jaketi za kuokolea, nao wana haki, maana bahari imeshatuchukulia watu. Sijaona hata mmoja akiinamia ekzosi. Nisiwalaumu wao peke yao. Lamu hii ndiyo iliyopinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 hadi mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake mwezi Juni 2019. Tulijivunia, na tulistahili. Tulisema juu ya samaki, juu ya mikoko, ambayo zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya imo kaunti hii, juu ya mji wa kale ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001. Tuliyasema hayo tukitoka kwenye mikutano na kupanda boti zinazomwaga petroli mbichi kwenye mito ileile ya mikoko, mahali ambapo vifaranga vya samaki hukulia kwenye maji ya kina kifupi. Sumu za mafuta ya aina hii huzidi makali zikipigwa na jua, na vifaranga huwa vyepesi, vya kuonana ndani kwa nje. Hakuna aliyetoa bango juu ya hilo, na mimi ni miongoni mwao.

Basi kwa nini tusihamie fostroku? Swali hili huulizwa na watu wasiokuwa na boti. Mwenye boti atakwambia ni nzito, na ni kweli, mashine ya nguvu farasi 40 ya fostroku huizidi ya kuchanganya kwa kilo 20 na zaidi, na kuipandisha mchangani maji yakitoka ni kazi ya watu. Atakwambia mafundi wake ni wachache, vipuri ghali, na oili yake lazima ibadilishwe kila saa 100, na katika kisiwa oili hiyo chafu utaimwaga wapi? Yote ni ya kweli. Lakini hayo siyo yaliyoizuia.

Tufanye lita ya petroli ni shilingi 180 na lita ya oili ya boti ni 600. Fostroku ya nguvu ileile hupunguza matumizi kwa karibu theluthi. Boti inayokunywa lita 20 kwa siku itakunywa 14 au chini yake. Lita 6 ni shilingi 1,080. Oili ya kuchanganya, mililita 400, ni shilingi 240. Kwa siku 25 za kazi, hizo ni shilingi 33,000 kwa mwezi. Tuseme mashine yenyewe imezidi bei kwa laki mbili. Inajilipa kwa miezi sita na ushei. Ongeza matengenezo na mikosi, iwe minane. Hakuna biashara ukanda huu inayorudisha fedha upesi hivyo, na bado hainunuliwi.

Nikaipeleka hesabu hiyo kwa tajiri mmoja wa boti tatu, barazani kwake Mkomani, baada ya sala ya alasiri. Akaisoma yote, akavua miwani.

"Hesabu yako sahihi, mwanangu. Lakini umeipiga kwa mfuko usio wangu."

Na hapo ndipo lilipo fundo. Boti na mashine ni za tajiri. Petroli na oili hutolewa kwanza katika mapato ya siku au katika samaki waliouzwa, ndipo kinachobaki kigawanywe: fungu la boti, fungu la mashine, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Mashine ghali anainunua mmoja. Petroli inayomwagika baharini wanailipa wote, kidogo kidogo, kila siku, bila risiti. Tajiri akinunua fostroku, sehemu kubwa ya akiba itawaendea wengine. Nahodha angependa akiba hiyo, lakini hana laki mbili. Kila mmoja yuko sawa kwa upande wake, na lita 5 zinaendelea kwenda majini.

Nikamwambia mgao si msahafu, unaweza kuandikwa upya. Anunue mashine mpya, na kwa mwaka wa kwanza petroli iliyookolewa ihesabiwe kuwa ni mali yake: mafuta yaendelee kukatwa kama zamani, lita 20, na kile kisichotumika kimrudie mpaka tofauti ya bei imalizike. Baada ya hapo faida iwe ya wote. Akacheka kwa muda.

"Nahodha akiniambia leo ametumia lita 19, na kumbe ametumia 13, nitajuaje?"

Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nikamwambia yuko kijana mmoja pale gatini mwenye jagi lenye mistari, na kila asubuhi huandika kwa kalamu ya wino ubavuni mwa dumu.

"Wa boti gani?"

Nikamtajia. Akavaa miwani yake, akaitazama tena ile karatasi.

"Huyo ni wangu," akasema.